Candide Ianziwe Suriname

Kijana amefunikwa na kifusi katika mtaa wa Lisbon. Mawe yamemjeruhi, na anamwomba mwalimu wake amtafutie mvinyo kidogo na mafuta, kwani anahisi roho inamtoka. Mwalimu anamjibu kwamba tetemeko hili si jambo geni: mji wa Lima ulipatwa na yayo hayo mwaka uliopita, na bila shaka upo mshipa wa kiberiti unaopita chini ya ardhi kutoka Lima hadi Lisbon. Kijana anakubali kwamba huenda ni kweli, ila mafuta na mvinyo, kwa jina la Mungu. Mwalimu anaudhiwa na hilo "huenda". Kwake jambo limekwisha kuthibitika. Kijana anazirai. Ndipo mwalimu anapokwenda kumchotea maji kwenye chemchemi iliyo jirani. Mwalimu huyo ni Pangloss, kijana ni Candide, na kitabu ni Candide, ou l'Optimisme, ambacho Voltaire alikitoa mwanzoni mwa mwaka 1759 akiwa na umri wa miaka 64, bila kutia jina lake, akisingizia kwamba ni tafsiri ya maandishi ya Kijerumani ya daktari mmoja aitwaye Ralph. Kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimepigwa chapa zaidi ya mara kumi. Wakuu wa Paris na wa Geneva walijaribu kukizuia, na mwaka 1762 Kanisa Katoliki likakiingiza katika orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa.

Sura zake ni thelathini, nyingi zikiwa za kurasa chache tu, na mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kukimaliza kwa siku mbili. Shida ni namna tunavyomwingiza humo. Njia iliyozoeleka ni ndefu: kwanza maisha ya Voltaire, kisha Zama za Mwangaza, kisha Leibniz na hoja yake kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko wote uliowezekana kuwapo, kisha maana ya optimisme ubaoni, na hapo tu ndipo kinafunguliwa ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi anafika kwenye hadithi akiwa ameshapewa jibu la hadithi. Anamcheka Pangloss kwa sababu ameambiwa Pangloss ni mpumbavu, na kicheko cha namna hiyo hakimfunzi kitu, maana hakupata hata dakika moja ya kumwamini. Mwishoni anakariri kauli ya kulima bustani inayofunga kitabu, kwa ajili ya mtihani, na kitabu kinarudi kabatini. Mimi naona mlango ulio sahihi uko sura ya kumi na tisa, barabarani, nje kidogo ya mji wa Suriname. Mwanafunzi aanzie hapo, arudi sura ya kwanza, kisha asome hadi mwisho. Leibniz aje baadaye, na apewe nafasi kamili ya kujitetea.

Sababu ya kwanza iko katika lugha yetu wenyewe. Tukilileta neno optimisme kwa Kiswahili, kwa kawaida tunasema "matumaini mema" au "mtazamo chanya", na papo hapo mwanafunzi amepotea. Matumaini yanahusu kesho. Mwenye matumaini anaweza kukiri kabisa kwamba leo ni mbaya, na ndiyo maana anatumaini. Fundisho la Pangloss linahusu leo: kila kitu kimekwisha kuwa kama kilivyopaswa kuwa, hakuna cha kusubiri wala cha kurekebisha. Mwanafunzi akiingia na "matumaini mema" kichwani, atadhani Voltaire anawakejeli wenye matumaini, na atakiona kitabu ni cha mtu mchungu aliyekata tamaa. Neno lenyewe lilikuwa jipya hata kwa Wafaransa. Lilitokea mwaka 1737 katika jarida la Wajesuiti lililokuwa likimjadili Leibniz. Kwa hiyo lipo swali la haki kabisa ambalo msomaji yeyote wa 1759 angeweza kuuliza: optimisme ni kitu gani? Katika kitabu hiki swali hilo linaulizwa na Cacambo, mtumishi wa Candide. Haulizi kwenye kasri la Westphalia ambako Pangloss anafundisha. Anauliza Suriname, mbele ya mtu aliyekatwa mguu na mkono, na hapo ndipo Candide anapotoa maana yake: ni ule wazimu wa kushikilia kwamba mambo ni mema ilhali ni mabaya. Mwandishi ameliweka jina la pili la kitabu chake kwenye jalada na kulitolea maana kando ya mtu huyo. Sioni kwa nini mwalimu aitoe mahali pengine.

Tumtazame basi mtu huyo kwa karibu. Candide na Cacambo wanatoka Eldorado, nchi ya dhahabu, waliyoiacha wakiwa na kondoo wekundu zaidi ya mia moja waliobeba mali. Wengine wamezama matopeni, wengine wameporomoka magengeni, na wamebaki wawili tu, lakini mizigo ya hao wawili inazidi utajiri wa mfalme wa Hispania. Karibu na mji wanamkuta mtu mweusi amelala chini. Vazi lake limebaki nusu, nalo ni suruali fupi ya kitambaa cha bluu. Hana mguu wa kushoto, hana mkono wa kulia. Anamngoja bwana wake, mfanyabiashara Vanderdendur. Akiulizwa kilichompata, hapigi kelele, anaeleza desturi. Mfanyakazi wa kinu cha miwa akinaswa kidole, mkono wote hukatwa; akijaribu kutoroka, hukatwa mguu; yeye yamempata yote mawili. Na hiyo, asema, ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Anaongeza kwamba mama yake ndiye aliyemuuza kwenye pwani ya Guinea, akiamini kuwa anampatia mwanawe heshima ya kuwa mtumwa wa mabwana weupe.

Sasa mwalimu arudi nyuma na kufungua sura ya kwanza, aziweke kurasa hizo mbili kando kwa kando. Kasrini, Pangloss anathibitisha kwamba kila kitu kimefanywa kwa kusudi, kwa hiyo kila kitu kina kusudi jema: pua zimeumbwa ili zibebe miwani, na ndiyo maana tuna miwani; miguu imeumbwa ili ivishwe suruali, na ndiyo maana tuna suruali. Msomaji wa kawaida hutabasamu na kupita. Aliyetoka Suriname hawezi kupita. Amekwisha kumwona mwenye mguu mmoja na nusu ya suruali. Hoja ya Pangloss imejibiwa bila hoja, kwa kitambaa cha bluu na pengo lililo chini yake. Hivi ndivyo kejeli ya Voltaire inavyofanya kazi katika kitabu kizima: anaiacha sentensi ya mwanafalsafa iende zake, kisha kurasa kadhaa mbele anauweka mwili wa mtu mahali ambapo sentensi ile ilipaswa kutimia. Mwanafunzi akiiona mbinu hii mara moja, ataigundua mwenyewe kila sura. Ataiona kwa Jacques, yule Muanabaptisti mwema aliyemwokoa baharia kisha akatupwa baharini mbele ya macho ya baharia huyo huyo, huku Pangloss akimzuia Candide asijirushe kumwokoa, kwa kumthibitishia kwamba bandari ya Lisbon iliumbwa makusudi ili Jacques azame ndani yake. Uthibitisho haujaisha, jahazi linapasuka.

Tukio la Suriname lina faida nyingine: lina historia inayoshikika. Vinu vya miwa vya karne ya kumi na nane vililishwa kwa mkono, mabua yakisukumwa kati ya magogo yanayozunguka, mchana na usiku wakati wa mavuno, na mkono ulionaswa ulikatwa ili mwili usifuate. Adhabu ya kutoroka nayo haikuwa ubunifu wa mtunzi. Code Noir, sheria ya Mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1685, iliagiza mtoro wa mwezi mmoja akatwe masikio na kupigwa chapa begani, wa mara ya pili akatwe mshipa wa nyuma ya goti, wa mara ya tatu auawe. Hata zile nguo mbili za kitambaa kwa mwaka anazozitaja mtu wa Suriname zina mfano wake katika sheria hiyo. Voltaire aliuweka ukatili huu kwenye koloni la Waholanzi, na mwalimu anapaswa kusema wazi kwamba Wafaransa walikuwa na Saint-Domingue yao. Kwa msomaji wa Kiswahili mnyororo huu wa utumwa haukuishia Atlantiki. Mwaka 1776, Voltaire akiwa bado hai, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion.

Atasimama mwalimu wa falsafa na kusema kwamba kuanza hivi ni kumwonea Leibniz. Amenena kweli, kwa kiasi. Katika Théodicée ya mwaka 1710, Leibniz hakusema hata mara moja kwamba maumivu si maumivu. Alisema kwamba Mungu, akizijua dunia zote zilizowezekana, aliichagua iliyo bora kwa ujumla wake, na kwamba sisi tunaoona kipande hatuwezi kuuhukumu ujumla. Hoja hiyo haiangushwi kwa kuonyesha mguu uliokatwa, kwa sababu ilikwisha kuukubali mguu uliokatwa. Lakini Leibniz alifariki mwaka 1716. Kilichozunguka Ulaya katika miaka ya 1750 kilikuwa msemo uliochujwa kutoka kwake na kutoka kwa shairi la Alexander Pope, An Essay on Man, la miaka ya 1733 na 1734: kwamba yote yaliyopo yako sawa. Voltaire mwenyewe aliwahi kumsifu Pope sana, na katika hadithi yake ya Zadig, ya mwaka 1747, malaika anatoa maelezo yasiyo mbali na hayo. Kwa hiyo anayepigwa ni msemo, na sehemu ya kipigo inamwangukia mwandishi wa zamani aliyeitwa Voltaire. Leibniz akiletwa baada ya hadithi, mwanafunzi anaweza kupewa kazi ngumu na ya haki: aandike utetezi wake, aonyeshe ni wapi Pangloss anamsingizia. Akiletwa kabla, atakuwa jina la kukariri tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka mioyoni. Wanafunzi wetu wengi, Waislamu kwa Wakristo, wamelelewa katika kauli kama "kazi ya Mungu haina makosa". Je, kitabu hiki hakiwakebehi wazazi wao? Hapa mwalimu asiharakishe. Mfiwa anayesema kauli hiyo juu ya msiba wake mwenyewe anajishikilia asianguke. Hakuna anachomnyima mtu. Pangloss hayuko hapo. Pangloss hutokea pale neno linaposemwa na mwingine, juu ya maumivu ya mwingine, wakati ambapo bado kuna jambo la kutendwa. "Ajali haina kinga" ni pole ya kweli kinywani mwa aliyempoteza ndugu. Kinywani mwa mwenye basi lililokuwa na tairi zilizokwisha kwangika, ni Pangloss mtupu. Maneno ni yale yale, ila amebadilika msemaji, na limebadilika lile ambalo maneno yanamwondolea. Mwanafunzi anayeitambua tofauti hiyo amekielewa kitabu kuliko anayeweza kutaja tarehe zote za Zama za Mwangaza, na imani yake haijaguswa.

Halafu kuna Voltaire mwenyewe. Katika Essai sur les mœurs ya mwaka 1756 na kwingineko aliandika kwamba watu weusi ni jinsi nyingine ya binadamu, akawashusha kiakili chini ya Wazungu. Aliwekeza fedha katika Compagnie des Indes, kampuni iliyoshiriki biashara ya watumwa. Kwa nini kijana wa Kiafrika aanzishwe kwa ukurasa wa mtu huyu kuhusu mtumwa? Sitaki mambo haya yafichwe, wala yawekwe kwenye tanbihi. Yawekwe mezani pamoja na ukurasa wenyewe, kwa sababu ukurasa unajua kitu ambacho mwandishi wake alikikataa. Mtu wa Suriname anasema kwamba wahubiri wa Kiholanzi waliombatiza humwambia kila Jumapili kuwa sote, weupe kwa weusi, ni wana wa Adamu. Yeye si mjuzi wa nasaba, lakini kama wahubiri wanasema kweli, basi sisi ni ndugu wa ukoo mmoja, na hakuna awezaye kuwatendea jamaa zake vibaya kuliko hivi. Hoja hiyo imejengwa juu ya asili moja ya wanadamu, jambo ambalo Voltaire hakuliamini. Lile "kama" ndilo lililomruhusu kuwanasa wahubiri bila yeye kujifunga. Lakini msomaji hafungwi na tahadhari ya mwandishi. Mhusika amehoji vizuri kuliko aliyemtunga alivyoamini, na kumwonyesha mwanafunzi jinsi maandishi yanavyoweza kumzidi mwandishi ni somo adimu.

Wanafunzi wakisoma mbele kidogo watauliza swali ambalo vitabu vya mwongozo hulikwepa. Candide analia, na akilia anaingia mjini. Jambo la kwanza analouliza ni kama kuna merikebu ya kwenda Buenos Aires. Baadaye anapatana nauli na mwenye merikebu: piasta elfu kumi, kisha elfu ishirini, kisha elfu thelathini, kwa kuwa mwenye merikebu ameona mteja hasiti kukubali. Jina lake ni Vanderdendur. Ndiye yule yule. Candide ana mali ya kupita mfalme wa Hispania, anakaa na bwana wa yule mtu aliyemliza, na neno la kumkomboa halimjii mdomoni. Je, Voltaire anamnasa Candide hapa, akituonyesha kwamba hata machozi yanaweza kuwa njia ya kupita? Au yeye mwenyewe alimsahau mtu aliyemtunga, ambaye hata jina hakumpa? Mimi naelemea jibu la pili, kwa sababu katika hati ya mkono iliyosalia, ile ya La Vallière, tukio la mtumwa halimo. Liliongezwa baadaye, na mshono unaonekana. Ila darasa linaloshindana juu ya swali hili linasoma.

Kutoka hapo ndipo Lisbon ya kweli inapopata maana yake. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitikisika, bahari ikapanda mtoni, na moto ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Voltaire alitoa shairi juu ya maafa hayo mwaka 1756. Rousseau alimwandikia barua Agosti mwaka huo akiyatetea maongozi ya Mungu, lakini ndani yake akatia hoja ya namna nyingine kabisa: si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Waziri wa Ureno aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal alituma maswali parokiani: mtikisiko ulidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, majengo gani yalianguka. Mji ulipojengwa upya, nyumba zilitiwa ndani ya kuta kiunzi cha mbao kilichoitwa gaiola, yaani kizimba, ili ziyumbe bila kubomoka. Mshipa wa kiberiti wa Pangloss nao ulikuwa nadharia ya kuheshimika kwa wakati wake, kwa hiyo kosa lake halikuwa kutafuta sababu. Kosa lake ni kwamba sababu ilipopatikana, kazi iliisha. Kwa Pombal, sababu ilipopatikana kazi ndiyo ilianza.

Hilo linatufikisha kwenye bustani, na kwenye lawama ya zamani kwamba kitabu kinamalizikia kwenye kujifungia. Candide anamkatiza Pangloss, anayethibitisha kwamba mateso yote yalikuwa lazima ili wafike hapo kula matunda, kwa kumwambia kwamba bustani inataka kulimwa. Wengi wameisoma kauli hiyo kama kuipa dunia mgongo. Maisha ya Voltaire hayaungi mkono usomaji huo: Jean Calas, Mprotestanti wa Toulouse, alipouawa kwa kuvunjwa viungo kwenye gurudumu Machi 1762 kwa mauaji ambayo hayakuthibitishwa, Voltaire alishika kalamu na hakuiweka chini hadi hukumu ilipofutwa mwaka 1765. Hata hivyo sipendi kukiokoa kitabu kwa wasifu wa mwandishi. Kitabu kina ushahidi wake. Mzee wa Kituruki anayewapa wazo la kilimo anawakaribisha nyumbani kwa matunda na kahawa ya Mocha, na msimulizi anaona ni muhimu kutuambia kwamba haikuchanganywa na kahawa mbovu ya Batavia na ya visiwani. "Visiwani", kwa Kifaransa cha siku zile, ni makoloni ya watumwa. Aliyeingilia kasrini haoni kitu hapo. Aliyeingilia Suriname anasimama, kisha anaangalia sahani iliyo kando, yenye maganda ya balungi yaliyokolezwa sukari, na anauliza sukari hiyo ilitoka wapi.

Na kuna Cacambo. Kabla mtu yeyote hajasema neno juu ya bustani, wakati Candide, Pangloss na Martin, mwandani wao wa safari, wanajadiliana kama ni afadhali kuteseka au kukaa bila kazi, msimulizi anatuambia kwa sentensi moja kwamba Cacambo alikuwa akiilima ile bustani na kubeba mboga kwenda kuziuza Constantinople, kazi imemchosha, anailaani bahati yake. Bustani ilikuwa inalimwa tayari. Kinachobadilika katika ukurasa wa mwisho ni kwamba wengine wanaoishi hapo nao wanashika kazi: Cunégonde, mke wa Candide, anaoka maandazi, Paquette anatarizi, bibi kizee anashughulikia nguo, Giroflée anaranda mbao. Hao wanne wametajwa na kazi zao. Yule aliyeuliza optimisme ni kitu gani hatajwi.